Unafanya kazi magazini Lubumbashi? Anza kulinda pansio yako leo, usingoje miaka 60

Mzee moja wa depo, tulifanya naye kazi miaka mingi kwa magazini (duka) moja kubwa ya hapa mjini, siku alitimiza miaka 60 alivaa koti yake ya ibada akaenda CNSS, ile kesi ya serikali yenye kulipa pansio ya wafanyakazi, kuuliza yake. Yeye alikuwa anajihesabia miaka 19, yaani miezi 228, na hakuwa na wasiwasi juu kila mwisho wa mwezi alikuwa anaona kwa karatasi ya mshahara wamekata. Kule biro wakafungua mashini, wakamwambia mzee, huku tunaona miezi 74 tu. Alirudi magazini, akakaa juu ya karto ya sabuni, hakusema kitu mpaka tukafunga milango.

Pansio ya kila mwezi inaomba miezi 180, ni kusema miaka 15. Mwenye hajaifikisha wanamupa franga mara moja tu, halafu basi.

Tangu ile siku njo nilianza kusumbua vijana wa kesi (pahali wateja wanalipa) na wa reyo (pahali pa kupanga bidhaa) na hii mambo, sasa naiandika yote pahali pamoja juu nimechoka kurudilia. Mi si avoka wala si mtu wa CNSS, niko mtu wa magazini tu: nilianza kupanga reyo, nikakaa kesi, leo nasimamia depo. Pansio haiombwi siku ya 60, inaombwa kila mwisho wa mwezi, kwa ile karatasi ndogo unakunja unatia mfukoni bila kusoma.

Kwanza, nani anakata na ngapi

Wazee wengi wanaita bado INSS. Ilianza 1961 na hilo jina, 2018 ikageuka CNSS, lakini kama uko na karatasi ya zamani ya INSS usiitupe, ile miezi ni yako na inahesabika. Sheria tunafuata leo ni namba 16/009 ya tarehe 15/07/2016. Hiyo njo iliweka 60 kwa mwanaume na mwanamke wote sawa, zamani mwanaume alikuwa anangoja 65.

Kwa pansio inatoka 10% ya mshahara: 5% inakatwa kwako, 5% anatoa patro, ni kusema mwenye kukuajiri. Zamani ilikuwa 3,5 na 3,5. Juu ya hapo patro peke yake analipa 6,5% ya mambo ya familia na 1,5% ya aksida na magonjwa ya kazi. Kwa hiyo patro anatoa 13, we unatoa 5, jumla 18. Naandika hivi juu nimeona kijana anakatwa 18 yote kwa mshahara wake na anaambiwa eti njo sheria. Kwako ni 5, hakuna ingine ya CNSS. Ile ingine unaona inakatwa ni kodi ya serikali, wengi wanaita IPR, na inahesabiwa kisha kutoa kwanza ile 5 ya CNSS.

Hatua ya kwanza: ujue patro wako ni nani

Unacheka, lakini kwa magazini makubwa ya leo hii njo swali ngumu kabisa. Unavaa shati yenye jina ya magazini, shefu wa magazini njo anakutuma, lakini kontra ulisinya na sosiete ya kupanga wafanyakazi, biro yake iko nyuma ya soko na siku zingine imefungwa. Basi kwa CNSS patro wako ni ile sosiete, si magazini. Yenyewe njo inapaswa kukudeklare, ni kusema kukuandikisha na kukulipia kule. Kama ile sosiete inabadilishwa kisha miaka mbili (na inabadilishwa sana, kila mara magazini inasinya na ingine) unaanza tena na patro mwingine, na mara mingi miezi ya katikati inapotea. Siku ya kuanza uliza wazi: nani ananideklare CNSS, na namba yake ya afilyasio ni gani? Mwenye anakasirika juu ya hilo swali amekujibu tayari.

Kisha kuna wale wa siku kwa siku, jurnalye, wanaitwa wakati wa Noeli na wakati wa enventeri halafu wanabakia miezi na miezi. Kitabu cha sheria za kazi (code), sheria 015/2002, kinasema kama umefanya siku 22 ndani ya miezi mbili, halafu wanakuita tena mbele ile miezi mbili iishe, ile kazi mpya inahesabiwa kama kontra isiyo na mwisho. Si huruma ya shefu, ni sheria. Sasa utaonyesha namna gani kama ulifanya siku 22? Andika. Kaye ndogo, tarehe, saa uliingia, saa ulitoka, jina ya shefu wa siku. Piga foto ya liste ya pwantaji kama wanaibandika ukutani. Mi nilikuwa na kaye ya watoto ya masomo, kurasa za nyuma zote zilikuwa tarehe tu.

Na kama hawakukupa kontra ya kuandika? Usiogope sana. Bila karatasi, sheria inafikiria kontra ni ya muda usio na mwisho, mpaka patro aonyeshe kinyume. Kwa hiyo ukosefu wa karatasi unamuumiza yeye kuliko we, shida ni paka kuonyesha kama kweli ulifanya pale.

Hatua ya pili: namba yako, na majina yako

Namba ya CNSS ni ya maisha yote, hauchukui mpya kila ukibadilisha kazi. Wengi hawajui, wanajaza fishi mpya kwa kila magazini, mwisho wanakuwa na namba tatu na miezi imesambaa kama unga wa mufuko uliotoboka. Kama tayari iko hivyo kwako, enda kuomba wakuunganishie, fanya sasa wakati ungali na nguvu ya kupanga mstari.

Majina nayo ni balaa yetu sisi. Kwa kadi ya kupigia kura iko Kabwe, kwa diplome Kabue, kwa kontra shefu wa RH (biro ya wafanyakazi) aliweka prenom mbele na postnom akaisahau. Mtu wa mashini kule anatafuta Kabwe, haoni, anakuambia haupo. Siku unajaza fishi chukua kadi yako, nakili erufi kwa erufi, na tarehe ya kuzaliwa angalia mara mbili, juu ukipungukiwa mwaka kwa karatasi utangoja 60 yako mwaka moja zaidi. Kama karatasi zako zenyewe hazilingani, anza kuzirekebisha huko komine mbele ya kitu kingine chochote.

Hatua ya tatu: soma karatasi ya mshahara, zaidi mstari wa juu

Hapa njo nataka tukae kidogo, juu hapa njo franga inapotelea na hakuna mtu anaiba kwa macho.

Twaa mfano. Dada moja wa kesi anapata dola 250 kwa mwezi. Anafurahi, 250 ni 250. Lakini karatasi yake imeandikwa hivi: mshahara wa baze (wa msingi) 100, lojema (ya nyumba) 100, transipo 50. Kwa sheria ya kazi, lojema na transipo si mshahara, pia alokasio ya watoto na matunzo ya hospitali haviko ndani. Kwa hiyo CNSS inapigwa juu ya 100 tu. 5% yake ni dola 5, 5% ya patro dola 5, kwa pansio inaingia dola 10. Mwenzake wa magazini ya ngambo ya barabara naye anapata 250, lakini yake ni baze 200 na transipo 50. Kwake inaingia dola 20. Wote wawili wanapanda taksi-bisi moja, wananunua unga bei moja, kisha miaka 15 moja atakuwa amehesabiwa nusu ya mwingine, juu pansio inapigwa kufuata mshahara wa wastani ule ulideklariwa, haifuati ile ulipokea mkononi.

Ndiyo, mwenye baze kubwa anakatwa zaidi kidogo leo, dola 10 pahali pa 5. Vijana wananiambia mzee mi napenda ile 5 mkononi. Sawa, lakini kumbuka kila 5 yako inavuta 5 ya patro. Kwa franga ya pembeni ni nani mwingine atakuongezea 5 juu ya 5 hapa Lubumbashi? Nionyeshe nami niende.

Primu, komisio ya mauzo, saa za ziada, mwezi wa 13, hizi zote ni mshahara na zinapaswa kuingia kwa hesabu. Kama unauza frigo na televizio na nusu ya mapato yako ni komisio wanakupa kwa anvelopi, ile nusu haipo kwa pansio yako. Wakati wa kujadili kontra, mi sisemi uombe franga mingi, omba wasogeze sehemu toka lojema waweke kwa baze. Wengine watakataa juu nao 13% yao itapanda. Wengine watakubali kidogo kidogo, kwa mfano wakati wa kupandisha graji. Uliza tu, ulimi haulipiwi.

Angalia pia manka. Kesi ikikosa franga wanakata kwa mshahara, hiyo tunaijua wote, lakini manka inakatwa chini kabisa kisha kila kitu, haipunguzi baze. Nimeona karatasi ambayo walitoa manka juu, kwa baze, halafu wakapiga 5% ya ile ilibaki. Ni makosa, na dada alikuwa anapoteza mara mbili.

Hifadhi kila karatasi. Zile za mashini ya kesi, za ile wino inafutika na joto, zipige fotokopi mwezi ule ule. Na kama hawakupi karatasi ya mshahara kabisa, wanakupa paka anvelopi na kaye ya kusinya, omba kwa upole lakini usiache, patro analazimishwa kutoa hesabu ya kuandika kila malipo.

Hatua ya nne: enda CNSS mwenyewe, kila mwaka

Karatasi ya mshahara inaonyesha walikukata. Haionyeshi kama walifikisha. Hiyo njo ilimwangusha mzee wetu wa depo, na njo maana mi nasema kila mwaka, twaa siku moja ya konje, panda mjini mpaka biro ya CNSS, na kadi yako, namba yako, na karatasi mbili tatu za mshahara. Uliza waonyeshe miezi yako imedeklariwa toka tarehe gani mpaka tarehe gani, na juu ya mshahara gani. Omba wakuchapie. Kama hawachapi siku ile, andika mwenyewe mbele yao na tarehe. Enda asubuhi, na usiende mwisho wa mwezi juu wazee wa pansio wako pale na si vizuri kuwasukuma.

Halafu nyumbani unalinganisha: huku miezi 12 kwa karatasi zangu, kule 12? Baze kwa karatasi 200, kule wameandika 200 ao 80? Iko mapatro wanadeklare watu wote lakini kwa mshahara wa chini kabisa, miezi iko kamili lakini pansio itakuja ya kuchekesha. Angalia vyote viwili.

Hatua ya tano: kama miezi inakosa

Usianze na kelele. Mara mingi ni kontabo mpya aliruka watu watano kwa liste, na RH akijulishwa anarekebisha. Kwa hiyo kwanza RH, kwa barua, fotokopi moja wanakusinyia na kashe kwamba wamepokea, hiyo fotokopi unarudi nayo nyumbani. Mkiwa wengi wenye shida moja, pitia kwa delege wa sindika, barua ya watu 14 inasomwa haraka kuliko ya mtu moja, na ni ngumu kufukuza watu 14 siku moja.

Wakinyamaza, mambo iko mbili tofauti na watu wanazichanganya. CNSS yenyewe iko na watu wake wa kontrole, unaweza kuwaletea karatasi zako, mbele yao mwenye deni lote ni patro, hata ile 5 yako alikwisha kuikata. Na kule enspeksio ya kazi njo unapeleka ugomvi wako na patro. Enspekta anawaita wote wawili kwa masikilizano, hiyo ni lazima mbele ya tribunal ya kazi, tribunal haikupokei kama haujapita pale. Usilale: madai ya mshahara yanakufa kisha mwaka moja, mengine ya kontra kisha miaka mitatu. Mzee wetu alikuwa anadai mambo ya miaka 12 nyuma na ile magazini ilikuwa imebadilisha jina mara mbili, enspekta mwenyewe alikuwa anatikisa kichwa.

Ukitoka kazi, kwa kufukuzwa ao kwa mapenzi yako, usiondoke bila setifika ya mwisho wa kazi yenye tarehe ya kuingia na ya kutoka. Hiyo karatasi kisha miaka 20 njo itasema kama ulikuwa pale. Na ile wanaita solde ya mwisho, isome mbele ya kusinya. Kama wanakuharakisha, andika kwa mkono wako "nimepokea, lakini sijakubaliana na hesabu" kisha sinya.

Akiba ya pembeni

CNSS peke yake haitoshi, tusidanganyane. Na wazee wetu hawaamini akiba kwa sababu wanayo: mwaka 1993 zaire milioni 3 ziligeuka zaire mpya 1, mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikageuka franga 1. Piga hesabu, zaire bilioni 300 za zamani ni franga 1. Mwenye aliweka yake yote kwa kitabu cha benki alibakia na kitabu.

Kwa hiyo watu wa magazini tunacheza likelemba, kila mwezi moja anabeba. Ni nzuri kwa kununua frigo ao kulipa minerval (franga ya masomo), lakini si retreti (akiba ya uzee), juu zamu yako ikifika franga inakula shida za ile wiki. Mi niliomba kikundi chetu zamu yangu iwe mwezi wa 1 kila mwaka, na siku ile ile nilikuwa naenda kununua matofali. Kiwanja nacho, hakikisha karatasi zake huko kadastre mbele ya kumwaga simenti, kwa komine za Ruashi na Aneksi kumejaa watu waliuziwa kiwanja kimoja watatu. Nyumba ya kupangisha ya vyumba viwili inalipa kila mwezi kuliko wajomba wote.

Magazini zingine zinaanza kuleta kesi ya wafanyakazi (mfuko wa akiba) ao asiransi (bima) ya retreti ya kikundi. Tangu sheria ya asiransi ya 2015 SONAS, ile asiransi ya serikali, haiko tena peke yake, kuna sosiete zingine zenye ruhusa ya ARCA, yenye kusimamia asiransi zote, kwa hiyo inawezekana. Mbele ya kusinya uliza mambo manne tu. Patro anaongeza ngapi juu ya yangu? Nikitoka kisha miaka miwili naenda na yake pia ao na yangu tu? Nikikufa nani anapokea? Na hii franga inalala wapi, kwa benki ao asiransi, ao ndani ya kofre ya patro mwenyewe?

Hilo la mwisho njo kubwa. Shemeji yangu eko Marekani, anapanga nguo kwa magazini moja, wao wako na kitu kinaitwa 401(k), jina ni namba tu ya kifungu cha sheria ya kodi, kilitoka kwa sheria ya 1978. Unachagua asilimia, mara mingi patro anaongeza, na ukigusa mbele ya miaka 59 na nusu kwa kawaida unalipa faini ya 10% pamoja na kodi. Nikasema kumbe wao wamefika. Lakini huko huko, magazini kubwa ya Sears ilianza mfuko wa wafanyakazi wake mwaka 1916, franga mingi ikanunua aksio (hisa) za Sears yenyewe, na wazee wa enzi zile wengine walitajirika kweli. Mwaka 2018 Sears ikaenda tribunal kusema haiwezi kulipa madeni. Kazi yako na akiba yako vikilala nyumba moja, nyumba ikiungua vinaungua pamoja.

Wenye kupokea franga mingi kwa mara moja, ao ile ya kutoka kazini, wakumbuke 2003, watu zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines, sosiete ya madini ya serikali, kwa depar volonteri (kuacha kazi kwa hiari na kulipwa). Uliza wazee wa mtaa wako namna ile franga iliisha. Weka kwanza kwa benki, kaa miezi tatu bila kuigusa, halafu njo ufikiri biashara.

Ukikaribia 60

Anza mwaka moja mbele. Omba CNSS hesabu ya miezi, juu kama uko na 171 ungali na kazi ni afazali kumaliza ile 9 kuliko kutoka. Pansio inaomba uwe umeacha kazi ya mshahara, kwa hiyo panga vizuri barua ya kuacha, usiache mbele ya kujua umefika 180. Twaa setifika za kazi zote, fotokopi za kadi, karatasi ya ndoa, vyeti vya watoto. Ndoa ya kanisa na ya mila peke yake itamsumbua bibi yako siku utakuwa haupo, mjane na mayatima wako na haki yao kwa CNSS lakini wanaulizwa karatasi ya komine. Kisha ukianza kupokea, wanakuita wakati na wakati kuonyesha kama ungali hai, usikose.

Ndugu zetu wa Goma na Bukavu walionyeshwa mwaka 2025, vita ilifika, benki zilifungwa na watu wakabaki na simu tu. Tangu pale nilipiga foto ya kila karatasi nikatuma kwa mtoto eko Kolwezi. Zenyewe ziko ndani ya farde ya bulu juu ya kabati, chini ya sanduku ya vikombe vya wageni, na mama watoto anajua.